Usiachie Tawi

"Usiniangalie mimi. Angalia mti."

Fumino aliyasema hayo kwa sauti ya chini, bila kuinua uso. Baba yake alikuwa amekaa kwenye baraza ya mbao, hatua kama thelathini kutoka pale walipokuwa, na ingawa nyenze wa Agosti walikuwa wakilia kwa fujo kwenye miti ya jirani, mzee yule alipopooza upande wa kulia hakupoteza masikio.

"Naangalia mti," Nobuaki alijibu.

"Unaangalia shingo yangu."

"Shingo yako imekaa mbele ya mti. Sasa nifanyeje, niisogeze?"

Siku nyingine Fumino angecheka mpaka akae chini. Leo aliuma mdomo, akamimina kikombe kingine cha maji ya moto juu ya taulo lililozungushiwa tawi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Nobuaki katika bustani ya Kurebayashi, bustani ya bonsai, ile miti mizee inayofugwa midogo ndani ya vyungu, hapo Omiya. Alifika akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, begi moja mgongoni, hajui hata kumwagilia. Mwaka mzima wa kwanza alifagia na kuosha vyungu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na wateja walikuwa wakimuulizia kwa jina. Katika miaka hiyo saba, miwili ya mwisho alikuwa akimpenda binti wa mwalimu wake kwa siri, jambo ambalo mwanafunzi anayelala nyumbani kwa mwalimu haruhusiwi kulifanya hata kwa binti wa muuza samaki, sembuse binti wa mwenye nyumba.

Siri ilifichuka mwezi wa Machi. Nobuaki aliitwa chumbani kwa mwalimu, akatoka uso umemsawajika. Fumino alimfuata nyuma ya banda la vyungu, akamuuliza huku machozi yakimlenga, "Baba amekataa, sivyo?" Nobuaki akainamisha kichwa.

Tangu siku ile Fumino hakuketi tena kula na baba yake. Alimpikia, alimfulia, alimpangia dawa zake. Lakini sinia la chakula aliliweka mlangoni kwake, akagonga mara mbili, akaondoka.

Kwa hiyo alishangaa sana Jumatatu, baba yake alipomwambia kwa ile sauti yake nzito ya tangu augue, "Lile tawi la mreteni lishushwe. Nobuaki alipinde kabla hajaondoka. Wewe umsaidie."

Mreteni huo ulikuwa mti mkuu wa bustani. Uling'olewa kwenye majabali ya milimani enzi za babu yake, na hata wakati huo ulikuwa mzee. Nusu ya shina lake ilikuwa imekufa zamani, kavu, nyeupe kama mfupa uliooshwa na mvua. Upande wa pili ulipanda mshipa mmoja tu wa ganda hai, upana wa vidole vitatu, ukijizungusha hadi juu kulisha yale majani ya kijani. Kushoto lilichomoza tawi kavu, nene kama vidole viwili, limenyooka kwa ukaidi. Kwa miaka ishirini Mwalimu Kurebayashi alilitazama na kuguna, na hakuthubutu kuligusa. Mti mbichi ukiupinda ukakosea, huweza kupona. Mti mkavu ukivunjika, umevunjika.

Fumino aliona ni ukatili. Anatukomoa, aliwaza. Ametukatalia kuoana, leo anatusimamisha kwenye mti mmoja atutazame tukiagana.

"Shika hapa, na hapa," Nobuaki alisema. "Viganja vyote viwili. Ukisikia linanong'ona, niambie. Ukisikia linalia, piga kelele."

"Mimi nimezaliwa humu. Wewe umeletwa na treni."

"Haya, Mwalimu mdogo. Samahani."

Tawi lilikuwa limefungwa mataulo mabichi kwa siku tatu mfululizo, likinywa maji. Majani ya karibu yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa chenye maji na karatasi ya foili ya jikoni ili moto usiyaguse. Waya wa shaba ulitoka ncha ya tawi ukaenda hadi kwenye mzizi mkavu chini, na katikati yake Nobuaki alikuwa amepitisha kijiti; kila akikizungusha nusu duara, waya ulikaza na tawi likavutwa chini kidogo. Akawasha tochi ya gesi. Akaupitisha ule mwali wa buluu juu ya taulo, mbele na nyuma, bila kuuacha utulie, mpaka mvuke ukaanza kupanda. Ukaja na harufu ya mti wa kale uliofunguliwa ndani, kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

"Nazungusha."

"Zungusha."

"Kimya?"

"Kimya."

Wakaendelea hivyo. Moto, maji, nusu duara. Vichwa vyao vilikuwa karibu kiasi kwamba Fumino aliona jasho likimtelemka Nobuaki kutoka sikioni hadi kwenye kola, na lile kovu jeupe kwenye kidole gumba ambalo yeye mwenyewe alilifunga bendeji mwaka juzi, siku waya ulipomkata. Siku ile ndiyo aliushika mkono wake kwa mara ya kwanza, akachelewa kuuachia. Miaka miwili, na bado moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi.

Akaona asiposema sasa hatasema tena.

"Begi langu liko chini ya ngazi ya ghala."

"Begi gani?"

"La safari, Nobu. Tiketi nimekata jana. Treni ya saa tisa, behewa lako lilelile."

Nobuaki aliinua uso. "Acha utani, Fumi."

"Naonekana natania? Nimemwandikia baba barua, nimeiweka chini ya birika. Bi Sonoda wa jirani nimeshamwomba awe anakuja kumpikia. Nimepanga kila kitu. Sijali kama mama yako ana chumba kimoja. Nitachuma matufaha shambani kwake. Nitafagia, nitaosha vyungu kama ulivyoosha wewe. Nimechoka kuishi na mtu aliyenikata moyo vipande vipande na kila asubuhi ananiuliza kama miti imekunywa maji."

Akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Nobu! Moto!"

Nobuaki aliivuta tochi kwa kushtuka. Taulo lilikuwa limepata doa la kahawia. Akaimwagia maji ile sehemu. Na Fumino, ambaye katika miaka saba hakuwahi kumwona akiunguza kitu juu ya mti, akapoa mwili mzima katikati ya joto lile.

"Nini?" akauliza.

"Tumalize kwanza kupinda."

"Nobuaki. Nini?"

Alizungusha kijiti mara moja ya mwisho. Tawi likashuka likafika pale mzee alipopataka, likajikunja kama mkono wa mtu anayeingia ndani ya nyumba fupi. Ndani yake likatoa sauti ndogo, tik. Wote wawili wakaganda. Haikurudia.

"Usiachie," Nobuaki alisema. "Mpaka lipoe. Dakika ishirini."

"Sijaachia. Sema."

Alizima tochi. Kijiti kile hakukiachia, naye hakuwa na njia ya kukiachia. Wakawa wamesimama uso kwa uso, mikono ya wote wawili imefungwa na mti.

"Asubuhi Mwalimu aliniita," alianza. "Akaniambia, usitoke nje ya geti langu kabla hujamwambia. Nimewapa mti mmoja na asubuhi nzima. Ukishindwa wewe, jioni nitamwambia mimi."

"Uniambie nini?"

"Baba yako hakukataa."

Nyenze walilia. Kwenye baraza mzee alikuwa amegeuza uso, akitazama upande wa misonobari.

"Siku ile ya Machi hakuniita kunifukuza, Fumi. Aliniita kunikaribisha. Alisema, bustani hii haina mtoto wa kiume, na mkono wangu ndio huo umekufa. Chukua jina langu. Uwe mwanangu, uwe mume wa Fumino, bustani iwe yenu." Alimeza mate. "Aliinama. Mwalimu, kwangu mimi. Aliweka ule mkono mmoja kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini, na alipotaka kuinuka akashindwa. Nikamwinua mimi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema siwezi."

Fumino alilitazama tawi. Alikuwa akilikaza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na maji ya moto kutoka kwenye taulo yalikuwa yakimchuruzika hadi viwikoni.

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye Aizawa wa mwisho. Baba yangu alikufa nina miaka kumi na miwili. Nikibadilisha jina, kaburi lake litafagiliwa na nani? Mama atakapo..."

"Usimsingizie marehemu."

"Simsingizii."

"Unamsingizia. Mama yako ndiye aliyekuleta hapa mwenyewe. Mwaka uliopita alikaa pale jikoni, akaniambia, huyu mtoto akipata mahali pa kutulia mimi nitakufa nimelala. Sasa sema la kweli. Mikono yangu imefungwa, siwezi kukupiga."

Nobuaki aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetapika.

"Sikutaka kuwa mume wa kuokotwa. Ningeishi miaka hamsini hapa, na kila mti ambao ningeutengeneza ungeitwa wa Kurebayashi. Watu wangesema, yule kijana wa kufagia alimpata binti, akapata na bustani. Nataka bustani yangu. Hata kama ni vyungu kumi nyuma ya shamba la mama. Yenye jina langu getini."

"Hilo nalielewa," Fumino alisema polepole. "Kweli kabisa. Ungeniambia hilo Machi, ningelielewa. Ningelia wiki moja, kisha ningekuambia, haya, twende."

"Fumi..."

"Nilikuuliza. Nyuma ya banda. Nilikuuliza kama baba amekataa."

"Ulikuwa unalia. Uliniuliza ukiwa tayari una jibu lako. Mimi nikainamisha kichwa tu."

"Ukainamisha kichwa miezi mitano?"

"Kila siku nilisema kesho."

"Unajua nilimwambia nini baba mwezi wa Mei?" Alikuwa akitabasamu, tabasamu baya ambalo Nobuaki hakuwahi kuliona. "Alikuja jikoni kwa kujikongoja, akaomba nimfunge vifungo vya shati. Nikamwambia, mkono uliowakataza watu wawili kupendana, Mungu ameuua kwa haki. Nilimwambia hivyo baba yangu. Na wewe ulikuwa uani unafagia. Ulisikia."

Nobuaki alikitazama kijiti mkononi mwake.

"Ulisikia, ukaendelea kufagia."

Machozi yalimshuka, na hakuweza kuyafuta. Yalipita puani, yakafika mdomoni, yakadondokea taulo lililokuwa tayari limelowa. Nobuaki alinyoosha mkono mmoja kama anayetaka kumpangusa. Kijiti kikayumba, waya ukalegea, na tawi likajitingisha ndani ya viganja vya Fumino.

"Rudisha mkono wako," akamwambia. "Tawi hili halina kosa."

Akaurudisha.

Dakika zilipita. Taulo lilianza kupoa. Kivuli cha mti wa jirani kilikuwa kimefika miguuni mwao.

"Njoo," Nobuaki alinong'ona ghafla. "Sasa umeshajua. Hakuna uongo uliobaki. Kachukue begi lako, njoo tuondoke. Nitamwandikia Mwalimu, nitamwomba radhi. Nakupenda, Fumi. Hilo sikulidanganya hata siku moja."

Alimwamini. Hapo ndipo palipomuuma. Alimtazama yale macho, ule mdomo uliopasuka kwa jua, ile shingo iliyoungua mpaka kwenye mstari wa kola, na kila kiungo chake kilimtaka. Aliiona treni ikiondoka. Aliiona nyumba ndogo, theluji mpaka dirishani, watu wawili chini ya mfarishi mmoja.

"Ulijua nimeacha kula naye," alisema. "Ulijua nakaribia kumkimbia. Ulitaka nije kwako nikiwa namchukia baba yangu, ili hata siku tukigombana nisiwe na mlango wa kurudia. Kweli au si kweli?"

"Sikupanga hivyo."

"Sikukuuliza kama ulipanga."

Nobuaki aliinamisha kichwa.

"Siku moja utanyamaza tena," Fumino alisema. "Litatokea jambo, litakuwa gumu, na wewe utainamisha kichwa, utaniacha nimuumize mtu asiye na kosa. Mama yako. Au mtoto wetu. Siwezi kuolewa na kichwa kilichoinama, Nobu. Limepoa. Funga."

"Fumi, nakuomba..."

"Funga waya."

Akafunga. Vidole vyake vilifanya kazi vyenyewe, vizuri kama kawaida. Alikaza fundo, akakata ncha kwa koleo, akaipinda ndani ili isimkwaruze mtu. Kisha akasema, "Achia taratibu."

Fumino alifungua kiganja cha kwanza, halafu cha pili. Tawi lilibaki pale pale. Wakalifungua taulo. Mti ule mkavu, uliokuwa umenyooka tangu kabla babu zao hawajazaliwa, ulikuwa umeinama, na upande wa juu wa mkunjo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nobuaki alitaka kuupitishia kidole.

"Usiguse."

"Ni mdogo. Likikauka utajifunga. Lakini ile dawa ya chokaa na salfa ya kuzuia kuoza msiipake mpaka..."

"Mpaka likauke kabisa. Wiki tatu. Chagua siku ya jua, lowesha kidogo, paka kwa brashi, chunga isidondokee udongo. Najua. Nimezaliwa humu."

Hakuna aliyecheka.

Nobuaki alinawa mikono kwenye bomba, akapiga magoti mbele ya baraza. Fumino alibaki pale kwenye mti akisafisha shina kwa mswaki wa meno, akitoa kuvu ya kijani kwenye mikunjo ya mti mkavu, na alisikia kila neno.

"Limeshika?" baba yake aliuliza.

"Limeshika, Mwalimu. Kuna ufa mdogo."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Mzee alipumua. "Basi nenda. Msalimie mama yako. Mwambie matufaha ya mwaka jana yalikuwa matamu."

Nobuaki aliinama mpaka chini, akakaa vile kwa muda mrefu. Alipoinuka alitazama upande wa mti. Fumino alisugua. Alisugua sehemu ileile iliyokwisha kuwa safi, mpaka aliposikia geti likifunguliwa, likafungwa, na hatua zikaishia barabarani. Ndipo mswaki ukamtoka mkononi.

Saa saba aliingia jikoni. Barua aliichukua chini ya birika, akaichana bila kuisoma. Akachemsha tambi nyembamba, akazipoza kwenye maji ya barafu, akakata tango na tangawizi. Akaandaa sinia. Alipofika mlangoni kwa baba yake hakugonga mara mbili. Aliusukuma mlango, akaingia, akaketi mbele yake kwenye mkeka.

Mzee Kurebayashi alimtazama, kisha akatazama mabakuli. Yalikuwa mawili.

"Kwa nini hukuniambia?" Fumino aliuliza.

Baba yake alitafuta maneno. Tangu augue, maneno yalimjia moja moja, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba.

"Nilingoja aseme mwenyewe. Mwanamume akisema mwenyewe, bado anafaa." Akapumzika. "Na wewe ulikuwa umeshapata wa kumchukia. Nikaona heri iwe mimi. Baba ukimchukia, bado ni baba. Yeye ukimchukia, ungebaki na nini?"

"Sasa nimebaki na nini?"

Nje jua lilikuwa kali juu ya meza za miti.

"Baba, lile neno nililokuambia Mei..."

"Kula. Zitavimba."

Fumino aliinamisha uso. Wakati wa baridi, ugonjwa ulipokuwa mbichi, yeye ndiye aliyemlisha, kijiko kwa kijiko, akimpangusa kidevu. Mzee alikuwa hawezi hata kuinua kipande cha yai kwa mkono wa kushoto. Akasogea mbele, akachukua vijiti vya kulia chakula vya baba yake, akazamisha tambi kidogo kwenye mchuzi, akazileta kuelekea mdomoni mwake.

Mzee alivichukua vile vijiti mkononi mwa binti yake, kwa upole. Akavipanga katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Akainua tambi, akazichovya, akazipeleka kinywani, akala bila kudondosha hata moja. Akachukua na kipande cha tangawizi, chembamba kama karatasi, akakila.

Alikuwa amejifunza. Nyuma ya mlango ule, peke yake, sinia moja baada ya jingine, miezi mitano, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hongera.

Fumino aliirudisha mikono yake mapajani. Bado ilinuka mti.